Sura ya 7: Upepo wa Mbele

"Maji hayataingia?" Hilo ndilo swali la kwanza analoulizwa mwenye Kombi ya zamani akisema anataka vioo vya mbele vinavyofunguka. Likishajibiwa hufuata jingine: je, sheria inaruhusu? Na wale wanaoyapenda magari haya kwa dhati huongeza la tatu: je, huko si kuliharibu gari la kihistoria?

Sura hii inayajibu yote matatu. La kwanza nalijibu hapa hapa, kwa sababu mengine mengi yanalitegemea. Maji hupita pale bati lilipooza au tundu la kioo lilipopinda. Mtu anayenunua fremu ya bei kubwa na kuifunga kwenye bati bovu atalowa magoti kila masika. Anayetumia muda wake mwingi kwenye bati, kisha akafunga fremu ya kawaida, atasafiri mkavu. Kwa hiyo usishangae ukiona nazungumzia kutu na vipimo kwa kirefu kuliko madirisha yenyewe. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Gari tunalolizungumzia

Ni Volkswagen Type 2 ya kizazi cha kwanza: Kombi yenye kioo cha mbele kilichogawanyika vipande viwili na nembo kubwa ya VW usoni. Wazo lake linatoka kwa Ben Pon, mwagizaji wa magari kutoka Uholanzi, aliyelichora mwaka 1947 baada ya kukitembelea kiwanda cha Wolfsburg, Ujerumani. Gari likaanza kutengenezwa Machi 1950. Mwaka 1956 kazi ilihamia kiwanda kipya cha Hannover, na mwaka 1967 Wajerumani wakaliacha umbo hilo na kuleta jingine. Brazil waliendelea nalo hadi 1975. Kampuni ya Westfalia ilianza mwaka 1951 kuzigeuza Kombi kuwa magari ya kambi, yaani magari yenye kitanda, makabati na meza ndani, ili familia iweze kulala popote inapofika.

Injini yake iko nyuma na inapozwa kwa hewa. Dereva hukaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele, uso wake ukiwa karibu na kioo. Vioo vya milango ya mbele havishuki. Vinateleza kwa pembeni, kwa hiyo hata ukivifungua unapata nusu tu ya nafasi. Kiyoyozi hakuna. Jua la saa nane likiwa mbele yako na barabara ikiwa na foleni, joto la pale kwenye usukani linachosha kuliko urefu wa safari.

Kiwanda kililijua hilo. Kwa wateja wa nchi za joto kilitoa, kwa malipo ya ziada, vioo vya mbele vilivyoning'inizwa kwa bawaba upande wa juu na kusukumwa nje kutoka chini. Katika orodha ya kiwanda nyongeza hiyo iliandikwa M113. Wapenzi wa Kombi duniani kote huviita "madirisha ya safari", na leo hii Kombi iliyotoka kiwandani nayo hutafutwa sana. Kwa kuwa za asili ni chache, wengi hununua fremu mpya zilizoundwa kwa mfano wa zile za zamani. Kazi ya kuzifunga hizo ndiyo inayotuhusu.

Kioo cha mbele kinachofunguka hakikuanza na Volkswagen. Ford Model A yenye paa, iliyotengenezwa kati ya 1927 na 1931, ilikuwa nacho. Jeep za Vita Kuu ya Pili zilikuwa nacho pia. Na wasomaji wa Afrika Mashariki waliokulia kwenye Land Rover za zamani wanavikumbuka vile vifuniko viwili vya bati chini ya kioo, unavyovifungua kwa mkono ili upepo ukupige kifuani. Wabunifu wa enzi hizo walikuwa na jibu moja kwa joto: lete hewa ya nje ndani, na iingilie mbele.

Si kila Kombi inafaa

Hapa wengi hukata tamaa, na ni afadhali wakate tamaa sasa kuliko baada ya kulipa. Kombi nyingi zilizobaki Kenya na Tanzania ni za baada ya 1967, zenye kioo kimoja kipana cha mbele. Kioo kile kimekunjwa kufuata umbo la uso wa gari. Madirisha ya safari yanataka kioo bapa, kisichopinda popote. Kombi ya vioo viwili inavyo: kila kipande ni bapa, na viwili hivyo vinakutana katikati kwenye nguzo, vikitengeneza pembe. Ubapa huo ndio unaoiwezesha fremu kufunguka na kurudi mahali pake bila kubana upande mmoja.

Magari ya kisasa yasiguswe kabisa. Kwenye gari la leo, kioo cha mbele kimegundishwa kwenye bodi kwa gundi ngumu na ni sehemu ya nguvu ya bodi hiyo. Katika magari mengi, mfuko wa hewa wa abiria huegemea kioo hicho unapofumuka wakati wa ajali. Ukikilegeza umeondoa kinga hiyo. Kwenye Kombi ya 1960 kioo kimeshikwa na mpira tu. Nguvu iko kwenye bati na nguzo, na ndiyo maana kiwanda kiliweza kubadilisha kioo cha kudumu kwa kinachofunguka bila kuusuka upya uso wa gari.

Upepo unavyofanya kazi

Uso wa Kombi ni mpana na umesimama wima. Gari likitembea, hewa hujazana mbele yake na kuusukuma. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huo huongezeka mara nne. Hili lina matokeo mawili ambayo kila mwenye madirisha haya anapaswa kuyaelewa.

La kwanza ni zuri. Kwa kuwa bawaba iko juu na kioo hufungukia nje, upepo wa safarini hukisukuma kirudi kwenye fremu. Kikifungwa vizuri, mwendo hukikandamiza zaidi kwenye mpira wake. Kikiwa wazi, mikono inayokishikilia ndiyo inayopambana na upepo unaotaka kukifunga. Mkono uliolegea utakufungia kioo ghafla, na hilo ni hatari kwa vidole vya abiria aliyeweka mkono pale chini. Watoto waelezwe hili kabla ya kuondoka.

La pili ni kwamba hewa ikiingia lazima ipate pa kutokea. Fungua vioo vya mbele peke yake, na baada ya muda mfupi ndani kutakuwa kumejaa hewa isiyotembea. Abiria wa nyuma watalalamika kwamba hawapati kitu. Fungua kidirisha kimoja cha ubavuni upande wa nyuma, au paa la turubai kama gari lako linalo, na utaona pazia za nyuma zikianza kucheza. Mlango wa nyuma juu ya injini, hata hivyo, ubaki umefungwa gari likitembea, kwa sababu nyuma ya Kombi hewa huzunguka na kurudi ndani ikiwa na moshi wa ekzosi.

Wengine huuliza kama madirisha haya yanaipunguzia injini joto. Hapana. Injini huvuta hewa yake kupitia matundu ya ubavuni huko nyuma, na haina habari na kioo cha mbele. Kinyume chake, vioo vikiwa wazi gari hubeba mzigo mkubwa zaidi wa upepo. Kombi za mwaka 1950 zilikuwa na nguvu ya farasi 25 tu na mwendo wa juu wa takriban kilomita 80 kwa saa. Hata zile za baadaye mtu huhisi tofauti kwenye mlima.

*Kwa ufupi:* madirisha ya safari ni ya Kombi ya vioo viwili peke yake. Mwendo husaidia kuyafunga. Na hayafai kitu bila njia ya kutokea hewa upande wa nyuma.

Vipande vya dirisha

Dirisha moja lina fremu mbili. Fremu ya nje imetulia kwenye tundu la gari na haitembei. Fremu ya ndani imekibeba kioo na inaning'inia kwenye bawaba ndefu iliyo juu. Kati ya hizo mbili upo mpira wa kuzibia, unaozunguka pande zote nne. Upande wa chini kuna mikono ya kushikilia, yenye virungu vya kukazwa kwa vidole ili kioo kibaki kwenye pembe unayoitaka, kuanzia upenyo mdogo hadi karibu kulala usawa. Dirisha la kulia na la kushoto hayabadilishani nafasi, kwa hiyo yatie alama mara tu unapofungua boksi.

Fremu mpya huja kwa chuma cha kupakwa rangi, chuma kisichoshika kutu, au alumini. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, uchaguzi huu una uzito. Alumini ikigusana moja kwa moja na bati la chuma, kisha hewa ya chumvi ikaingia kati yake, metali moja huanza kuila nyingine. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa rangi kamili na mpira, na kutoacha skrubu tupu ikigusa bati tupu. Mimi napendelea chuma cha kupakwa rangi ya gari, kwanza kwa sababu ndivyo kiwanda kilivyofanya, pili kwa sababu kutu ikianza utaiona mapema na kuikwangua.

Kioo nacho kisinunuliwe kwa kuangalia bei tu. Kipo kioo cha tabaka, yaani karatasi mbili za kioo zilizobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa na jiwe hupasuka lakini hakimwagiki. Kipo pia kioo kilichokomazwa kwa moto, ambacho kikivunjika hugeuka chembe ndogo ndogo kwa mara moja, na kwa sekunde hiyo huoni barabara. Chukua cha tabaka. Kwa kuwa ni bapa, fundi kioo mzuri wa mjini anaweza kukikata. Mpelekee fremu yenyewe badala ya kumtajia vipimo kwa simu, na umwambie asage kingo zote, maana ukingo wenye kovu ndipo ufa unapoanzia.

Kutoa kioo cha zamani

Kazi hii inataka watu wawili, glavu nene na miwani. Toa mikono ya waipa kwanza. Kisha, ukiwa ndani, ukate mpira wa zamani kwa kisu kuzunguka tundu lote. Usijaribu kuuokoa mpira huo. Umekauka, na kuubembeleza ndiko kunakovunja vioo. Mwenzako asimame nje na viganja vyake vikiwa kwenye kioo. Sukuma kwa viganja kuanzia kona moja ya juu, polepole, kioo kikitoka kidogo kidogo. Vioo vile viwili vifunge kwenye blanketi na uvihifadhi, pamoja na kila skrubu iliyotoka. Nitaeleza sababu mbele.

Tundu

Sasa umefika penye kazi.

Kuzunguka tundu la kioo upo ukingo mwembamba wa bati, ule uliokuwa umeumwa na mpira wa zamani. Kwa miaka sitini maji yalikuwa yakijificha chini ya mpira huo, hasa kwenye kona mbili za chini. Kwa juu rangi inaweza kung'aa kabisa. Chukua bisibisi ya bapa na uguse ukingo kila sentimita chache, kwa nguvu ya kuandikia. Bati zima hutoa mlio mkavu. Bati lililooza hunyamaza, au bisibisi huzama.

Penye shimo hapazibwi kwa pati. Pati, ule uji mzito unaochanganywa na kukaushwa ili kusawazisha bodi, hainyonyi mtikisiko na haishiki skrubu. Itapasuka na maji yatarudi pale pale. Kata sehemu iliyooza hadi ufike kwenye bati safi, uchomelee bati jipya la unene ule ule, usage, upake praima, ndipo rangi. Hiyo ni kazi ya fundi bodi, na ni vyema umtafute anayeelewa magari haya. Mwambie kabla hajaanza kwamba fremu inakuja, na umpe fremu hiyo awe nayo kwenye karakana.

Baada ya kutu, umbo. Kombi haina boneti ya kupokea kishindo. Ikigonga kitu, uso ndio unaogonga. Kombi nyingi za umri huu zimewahi kuumia mbele na kunyooshwa, wakati mwingine kwa ustadi, wakati mwingine kwa nyundo na pati. Pima kila tundu kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili, kisha ulinganishe tundu la kulia na la kushoto. Vipimo vikipishana, tundu limepinda. Fremu iliyonyooka ikikazwa kwenye tundu lililopinda hupinda nalo, kama mlango mpya wa mninga uliopachikwa kwenye ukuta uliohama: utafungwa kwa bega na utaacha mwanga kwenye kona.

Mafundi wengi hukimbilia kuongeza mpira mnene pale palipo na pengo. Sikubaliani nao kabisa. Mpira mnene upande mmoja huinua fremu upande wa pili, na unaishia kufukuza pengo kuzunguka dirisha lote. Bati lirudishwe kwenye mstari wake kwanza, hata kama hiyo inamaanisha gari lilale karakana muda mrefu zaidi.

Kupima pakavu

Kupima pakavu ni kuiweka fremu mahali pake bila mpira, bila gundi na bila skrubu hata moja, ili uone inavyokaa. Iweke kwa vipande vya ubao laini pande zote. Simama mbele ya gari, kisha ubavuni, kisha kaa kwenye kiti cha dereva. Pengo kati ya fremu na bati liwe sawa kuzunguka. Madirisha mawili yatazamane: mstari wa chini wa la kulia uendelee kwenye wa la kushoto.

Fungua kioo hadi mwisho. Kisiguse ukingo wa paa. Kombi za kuanzia 1955 zina paa lililojitokeza kidogo juu ya vioo, na hapo ndipo fremu nyingine mpya hukwaruza. Kama inagusa, isogeze sasa. Ukishatoboa matundu umechelewa.

Aina za ufungaji hutofautiana kwa mtengenezaji. Nyingine hushikwa na mpira uliouma ukingo, kama kioo cha zamani kilivyoshikwa. Nyingine hukazwa kwa skrubu zinazopita kwenye ukingo wenyewe. Ukiweza kuchagua, isiyohitaji kutoboa ina faida kwamba gari linaweza kurudi lilivyokuwa.

Kufunga

Kama ni ya skrubu, tia alama kupitia matundu ya fremu, toa fremu, toboa tundu dogo kwanza, kisha panua. Kila tundu jipya ni bati tupu: lipake praima na rangi, na usubiri likauke. Hatua hii ndogo hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta kutu mpya ndani ya miaka michache.

Angalia pia aina ya silikoni unayotumia nyuma ya fremu. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo hula chuma. Tafuta ile isiyo na harufu hiyo, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa metali. Tandaza uzi mwembamba usiokatika, weka fremu, kisha kaza skrubu kidogo kidogo ukivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, kamwe si kwa mpangilio wa kuzunguka. Ukikaza ya kwanza hadi mwisho umeshaivuta fremu kando.

Mpira wa kuzibia ukatwe ukiwa mrefu kidogo kuliko unavyohitajika, ili ncha zake zisukumane zinapokutana. Usiuvute ili ufike. Mpira uliovutwa hurudi kwenye urefu wake baada ya majua kadhaa, na kuacha pengo. Kwenye kona usiulazimishe kukunjika ghafla. Upake unga wa talki, au glisirini kidogo, uteleze kwa urahisi. Grisi na mafuta ya injini visiukaribie, kwa kuwa mipira mingi hufura na kulegea ikiguswa na mafuta.

Mtihani wa karatasi, kisha wa maji

Kabla ya kufungua bomba, chukua ukanda wa karatasi, uweke kati ya mpira na fremu, funga kioo, kisha uvute. Karatasi ikikwama vizuri, mpira unabana. Ikitoka bila upinzani, umepata mahali pa kurekebisha. Rudia kuzunguka dirisha lote. Njia nyingine ni kuupaka mpira chaki na kufunga: mstari wa chaki utakaobaki kwenye fremu uwe mzima, usiokatika.

Maji yafuate utaratibu huu:

- Mtu mmoja akae ndani na tochi na kitambaa kikavu.
- Anza kumwagilia chini ya dirisha, na ukae hapo kwa muda kabla ya kupanda.
- Panda pande za kushoto na kulia, mwisho kabisa juu kwenye bawaba.
- Tone likionekana, simama. Sehemu uliyofikia ndiyo yenye tatizo.

Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Bawaba hustahili subira ya pekee, kwa kuwa mpira pale juu ndipo unapobanwa kwa namna tofauti na pande nyingine. Pande za chini nazo zina jaribio ambalo bomba haliwezi kuliiga: mvua ikisukumwa na upepo wa mwendo hupanda badala ya kushuka. Kwa hiyo mtihani wa kweli ni safari ya barabara kuu siku ya mvua, na kitambaa kikavu kikiwa kimetandazwa kwenye dashibodi.

*Kwa ufupi:* bati zima, tundu lililonyooka, fremu iliyopimwa pakavu, kila tundu la skrubu limepakwa rangi, mpira haukuvutwa. Dirisha likivuja baada ya hayo, kosa ni dogo na linapatikana.

Waipa

Fremu mpya imejitokeza mbele kuliko kioo cha zamani. Jani la waipa lililokuwa likiteleza bila shida sasa linaweza kugonga ukingo wa fremu au kukosa kukikandamiza kioo. Lowesha kioo, washa waipa, na utazame mzunguko mzima pande zote mbili. Mara nyingine inatosha kubadili urefu wa jani au kurekebisha pembe ya mkono. Kombi nyingi za kabla ya 1967 zinatumia umeme wa volti 6, na mota ya waipa yake ni dhaifu. Jani linalokwama kwenye fremu litaichosha haraka.

Na waipa haziwashwi kioo kikiwa wazi. Mvua ikikukuta, simama kando, funga vioo vyote viwili, kaza virungu, ndipo uwashe. Mfundishe kila atakayeendesha gari lako.

Sheria, na suala la uhalisia

Sheria za ukaguzi hutofautiana. Nchini Ujerumani kuna namba maalumu za magari ya kihistoria, kwa gari lililofikisha miaka 30 na lililotunzwa katika hali yake ya asili au kwa mabadiliko ya enzi yake. Hapo ndipo ile M113 inapokusaidia: unaweza kumwonyesha mkaguzi kwamba kiwanda chenyewe kiliuza madirisha haya kwa gari hili, katika miaka hiyo. Popote ulipo, Nairobi, Dar es Salaam au London, mambo ambayo mkaguzi huenda akayatazama ni haya: kioo kiwe cha usalama na chenye alama yake, waipa zisafishe mbele ya dereva, fremu isimzibe kuona, na kusiwe na ncha kali zinazochomoza. Muulize kabla ya kutoboa, ukiwa na picha ya fremu mkononi.

Kuhusu uhalisia, msimamo wangu uko wazi. Nyongeza iliyotolewa na kiwanda chenyewe, iliyofungwa bila kukata nguzo wala ukingo, haiondoi chochote kwenye historia ya gari. Kinachoiondoa ni udanganyifu: kumuuzia mtu gari lililofungwa fremu mpya kana kwamba lilizaliwa nazo. Kombi nyingi zina kibati kidogo nyuma ya viti vya mbele chenye namba za nyongeza zilizowekwa kiwandani, na mnunuzi anayejua ataangalia hapo. Hifadhi risiti za fremu, hifadhi vioo vya asili na mipira mipya ya ukubwa wake, na umwambie ukweli atakayelipokea gari baada yako.

Kuishi nayo kambini

Usiku ndipo madirisha haya yanapostahili gharama yake. Watu wawili wakilala ndani ya Kombi iliyofungwa, pumzi zao hugeuka maji kwenye vioo na bati, na asubuhi godoro lina unyevu. Upenyo wa vidole viwili mbele, na mwingine nyuma, huondoa sehemu kubwa ya unyevu huo, hata mvua nyepesi ikinyesha, kwa kuwa kioo kilichoinama hufanya kazi ya kibaraza. Shona chandarua chepesi chenye mpira pembeni kinachoshika kwenye fremu ya nje, vinginevyo mbu watakuwa wageni wako wa kwanza. Upenyo huo, hata hivyo, hautoshi kuwa ruhusa ya kulala jiko likiwaka ndani. Gesi ya sumu inayotokana na moto haina harufu, na jiko lizimwe kabla ya mtu yeyote kulala.

Mchana, ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, funga. Jiwe dogo linalorushwa na tairi halina kioo cha kulizuia, na mdudu akikupiga jichoni kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unaweza kuuacha usukani. Vaa miwani kila unapoendesha vioo vikiwa wazi.

Gari likikaa muda mrefu bila kutumika, usiyaache madirisha yamekazwa. Mpira uliobanwa miezi mingi hubaki umelala na hauinuki tena. Legeza virungu kidogo, egesha gari penye kivuli na pasipofika mvua, ufute vumbi kwenye mpira kwa kitambaa chenye maji, na ukiwa unapita karibu ufungue na kufunga kila kioo ili bawaba isishike. Tone la mafuta mepesi kwenye bawaba linatosha, likifutwa kabla halijateremka kwenye mpira.